Niliyojifunza kando ya uwanja wa harlingi, daraja la kati, Cork

Katika kaunti ya Cork, kusini mwa Ayalandi, mchezaji wa harlingi, mchezo wa jadi wa fimbo na mpira, huingia uwanjani na fimbo mkononi, helmeti yenye waya wa kukinga uso, jezi na kaptura. Hana kinga ya kifua wala ya magoti, na wengi hawavai hata glovu. Mpira wenyewe ni mdogo na mgumu, umefunikwa kwa ngozi, uzito wake gramu 110 hadi 116, na ukipigwa sawasawa jicho lisilozoea haliwezi kuufuata. Mtu anaruka kuudaka kwa kiganja kitupu huku fimbo tatu nne zinapita kichwani pake zikiuwania mpira huo huo. Mimi ni muuguzi, mzaliwa wa Tanga, na kwa misimu kadhaa sasa ndiye ninayebeba mkoba wa huduma ya kwanza wa timu ya kijiji tunachoishi, mashariki mwa kaunti hiyo. Klabu sitaitaja, kwa sababu ninayosimulia yanahusu miili ya watu.

Niliingia kwa mlango wa mtoto. Mwanangu alirudi kutoka shule ya msingi na fimbo, nikawa nampeleka mazoezini, na jioni moja kijana wa timu ya wakubwa akachanika juu ya jicho. Nilifanya nilichosomea. Wiki iliyofuata katibu wa klabu akaja kuniuliza kama ningependa kukaa na timu siku za mechi. Nilikubali nikidhani ni kazi ya plasta na barafu.

Kwanza niueleze mchezo kidogo. Kila upande una wachezaji 15. Mpira ukiingia wavuni ni bao, na bao lina thamani ya pointi tatu. Ukipita juu ya mwamba, katikati ya nguzo mbili ndefu, ni pointi moja. Ukiona timu imeandikiwa 2-14, hiyo ina mabao mawili na pointi 14, jumla 20. Mechi ya klabu ni dakika 60. Ni mchezo wa kale sana, na mwaka 2018 UNESCO iliuweka kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu.

Wageni wengi wanaoufahamu wanaujua kutoka Croke Park, uwanja wa Dublin unaoingiza watu zaidi ya 82,000, siku ya fainali ya kaunti zote mwezi wa saba. Ni tamasha kubwa na linastahili sifa zake. Lakini mchezo wenyewe unaishi kwenye klabu, na nikiulizwa mimi, unaishi zaidi katika daraja la kati, kwa timu ambazo hazina majina makubwa na bado zina mengi ya kupoteza.

Tangu 2020 Cork imezipanga klabu zake kwa ngazi, na kila ngazi ina timu 12. Mbili za juu ni za Senior. Ya tatu ni Premier Intermediate, yaani yetu wakati wa ninayosimulia, ya nne Intermediate A, kisha zinafuata za junior. Timu 12 za ngazi yetu hugawanywa makundi matatu ya timu nne nne, na kila timu inacheza mechi tatu za makundi, katika uwanja ambao si wa yeyote kati ya wanaokutana. Mbili za juu kila kundi zinakwenda kwenye mtoano. Kati ya zinazoshika mkia, mbili zenye rekodi mbaya zaidi hukutana kwenye mchujo, na atakayefungwa anashuka daraja. Kwa juu anapanda bingwa peke yake.

Fikiria maana ya hesabu hiyo. Vijana wanaanza kukimbia kwenye matope mwezi wa kwanza, gizani, baada ya kazi. Wanacheza ligi ya majira ya kuchipua, wanasubiri timu ya kaunti imalize mashindano yake, kisha mwisho wa mwezi wa saba au mwanzo wa nane ubingwa unaanza. Mechi tatu, yaani dakika 180, zinaamua mwaka mzima. Ukifungwa ya kwanza, ya pili unaicheza ukiwa tayari na hofu. Ndiyo sababu katika daraja hili kuumia kwa mchezaji mmoja kunaweza kubadilisha hatima ya kijiji kizima.

Na ndoto nayo ipo karibu, haiko mbali kama mtu anavyodhani. Bingwa wa Premier Intermediate wa Cork anakwenda kupambana na mabingwa wenzake wa jimbo la Munster, na akishinda huko anaingia kwenye ubingwa wa Ayalandi nzima wa klabu za daraja la kati, fainali yake Croke Park mwezi wa kwanza. Klabu za upande wetu wa mashariki zimefika. Fr O'Neill's walifungwa kwa pointi moja na Tullaroan wa Kilkenny mwezi Januari 2020. Castlelyons walifungwa na Thomastown, nao wa Kilkenny, Januari 2024. Kisha Januari 2025 Watergrasshill wakalileta kombe. Kila kijiji kinachowazunguka kiliona watu wanaokutana nao dukani wakilinyanyua kombe katika uwanja mkubwa kuliko yote nchini. Baada ya hapo huwezi kumwambia mtu kuwa hii ni ligi ya kupitisha muda.

Mdogo wangu aliyeko Tanga, shabiki damu damu wa Coastal Union, klabu ya mpira ya huko, aliniuliza kwa simu, "Dada, hao wanalipwa shilingi ngapi?" Nikamwambia hawalipwi. Akanyamaza, kisha akasema, "Yaani mtu anavunjwa kidole bure?" Ndivyo ilivyo. Chama cha michezo ya Kigaeli, yaani michezo ya jadi ya Ayalandi, GAA, kilichoundwa Thurles tarehe 1 Novemba 1884, mpaka leo ni chama cha ridhaa. Mchezaji hapati mshahara. Na jambo ambalo mdogo wangu alilikataa kabisa mpaka nikamweleza mara ya pili: mchezaji hanunuliwi. Mtu anachezea klabu ya parokia aliyokulia. Mwalimu, fundi umeme, mkulima wa ng'ombe wa maziwa, mwanafunzi anayesafiri kutoka chuo kila Ijumaa, hao ndio kikosi. Kuhama kupo, lakini kuna masharti yake na wengi hata hawawazi.

Nimekulia katika nyumba ya mpira. Baba alikuwa uwanjani Mkwakwani karibu kila Jumapili, na ubingwa wa Coastal Union wa 1988 aliusimulia mpaka sisi watoto tukaweza kuutamka kwa zamu. Kwenye mpira ule beki akiumia, dirisha la usajili likifunguliwa unatafuta mwingine. Huku beki akiumia, nyuma yake yupo kijana wa miaka 18 ambaye mama yake anauza keki kwenye harambee ya klabu, na nyuma ya huyo hayupo mtu. Kwa hiyo kila anayekuwa na nguvu ya kusimama anatakiwa asimame. Nimekuja kuamini kwamba hapo ndipo uzuri wote wa daraja hili ulipo, na hatari yake yote pia.

Nianze na mikono, maana mikono nimeijua kuliko kitu kingine chochote pale. Helmeti imekuwa lazima kwa wachezaji wote tangu tarehe 1 Januari 2010, na imeokoa macho na meno mengi, lakini kidole kiko wazi. Kuna jeraha moja ambapo mpira au fimbo inagonga ncha ya kidole, ukano unaokinyanyua unakatika, na ncha inainama na kukataa kunyooka. Haliumi sana. Mchezaji anacheka, anasema ataliona kesho. Tiba yake ni kibanzi kinachokinyoosha kidole usiku na mchana kwa wiki sita hadi nane bila kukiacha kiiname hata mara moja, la sivyo unaanza upya. Mwambie hayo mtu anayekamua ng'ombe alfajiri na jioni, na mechi ya makundi iko Jumamosi. Nimekaa jikoni kwa watu nikifundisha wake na mama zao namna ya kuosha kidole huku kimeegemezwa mezani kisiiname. Nimejifunza kwamba ukimwambia mkulima "usifanye kazi" hakusikii tena, bali ukimuuliza kazi yake inakwendaje hatua kwa hatua, mnaweza kupata njia pamoja.

Misuli ya nyuma ya paja ndiyo inayotoa wachezaji wengi zaidi, kwenye michezo yote ya Kigaeli, na sababu mojawapo kwetu iko wazi. Katika klabu ndogo vijana wale wale wanacheza harlingi wiki hii na kandanda ya Kigaeli wiki inayofuata, kwa sababu hakuna vijana wa kutosha kuunda vikosi viwili. Walio bora zaidi huitwa pia na Imokilly, timu ya wilaya inayokusanya wachezaji wa klabu zisizo za Senior ili wapate kucheza ubingwa mkuu wa Cork, na ambayo iliuchukua ubingwa huo mara tatu mfululizo, 2017, 2018 na 2019. Ni heshima kubwa kuitwa. Ni mechi nyingine pia juu ya paja lile lile. Nilianza kuandika kwenye daftari nani kacheza nini na lini, kisha Jumatatu nampa meneja. Mwanzoni alilichukua kwa adabu tu. Baadaye akawa analiulizia asipoliona.

(Fimbo nazo zina ugonjwa wao. Zinachongwa kutokana na mti wa ash, na tangu 2012 kuvu inayoiua miti hiyo imeenea Ayalandi. Mzee wetu wa vifaa, anayezifunga bati kwenye bapa kwa mkono wake, anaumia akisema. Baadhi ya vijana wamehamia fimbo za mwanzi. Mimi naangalia vipande vinavyoruka fimbo ikivunjika, maana vinakata vibaya.)

Sasa nisimulie mechi iliyonifundisha zaidi.

Ilikuwa ya tatu ya kundi, mwezi wa tisa. Tulishafungwa ya kwanza na kutoka sare ya pili. Tukishinda tunabaki salama, tukifungwa tunakwenda kwenye mchujo wa kushuka. Mwanzoni mwa kipindi cha pili tulikuwa mbele kwa pointi mbili. Beki wetu wa kati, mtu ambaye ulinzi wote unamsikiliza yeye, aliruka kudaka mpira wa juu, akapigwa bega angani, akaanguka na kichwa kikagonga chini. Alisimama mwenyewe haraka. Watu walipiga makofi. Mimi niliona mguu wake wa kushoto ukitafuta ardhi kama mtu anayeshuka ngazi gizani, nikakimbia.

Maswali ya kuuliza hapo ni mepesi kwa makusudi. Tuko kipindi cha ngapi? Nani kafunga mwisho? Mechi iliyopita tulicheza na nani? La kwanza alijibu sawa. La pili alibahatisha. La tatu alinitajia timu tuliyocheza nayo kwenye ligi ya mwezi wa tatu, tena kwa uhakika kabisa, akanikasirikia kwa kumpotezea muda.

Meneja alikuwa ameshafika mstarini. "Anasimama, anaongea. Mpe dakika tano tumwangalie." Simlaumu. Alikuwa na sauti za parokia nzima mgongoni, na kwa macho yake mtu alikuwa mzima. Lakini mtikisiko wa ubongo hauonekani kwa nje, na helmeti haiuzuii: inakinga fuvu na uso, ubongo unatikisika mle mle ndani. Mwongozo wa GAA wenyewe unasema hivyo bila kuzunguka, kwamba mwenye dalili anatoka papo hapo na harudi siku hiyo, na ukiwa na shaka, mtoe. Nilimwambia meneja, "Huyu ametoka." Nikamvua helmeti nikaishika mimi, kwa sababu bila helmeti mwamuzi hamruhusu mtu kurudi. Alinitazama kwa hasira ambayo sijaisahau, kijana niliyemfunga vidole mara nyingi, na nilimshika mkono nikatembea naye mpaka kwenye benchi.

Tulifungwa kwa pointi nne. Bao lililotumaliza lilipita pale pale alipokuwa anasimama yeye.

Hakuna aliyenitukana, na nataka hilo lijulikane. Ila kimya kilikuwepo. Dukani watu walinisalimu kwa ufupi. Kuna aliyeniambia, kwa upole kabisa, kwamba wenyeji wangejua namna ya kulichukulia jambo lile. Hilo liliniuma, kwa sababu nilikuwa nimeshaanza kujiona mwenyeji. Mwanangu aliniuliza mezani, "Mama, ingekuwa fainali ungemtoa?" Nikamwambia ningemtoa. Akaendelea kula, kisha akasema kocha wao wa watoto naye angefanya hivyo. Sijui kama ilikuwa kweli, lakini alinipa nguvu.

Yule beki aliumwa kichwa kwa wiki nyingi. Mwanga ulimsumbua, trekta hakuweza kuendesha, kaka yake akamkamulia. Habari zilipoenea, watu wakaanza kuniambia kwamba basi nilikuwa sahihi. Nilishukuru, lakini nilikataa kuipokea hoja kwa namna ile. Hata angeamka mzima kesho yake, uamuzi ungekuwa ule ule. Uamuzi wa kando ya uwanja unapimwa kwa kile kinachoonekana wakati ule, si kwa kilichotokea baadaye. Ukikubali kwamba ugonjwa wake ndio uliokuhalalisha, basi siku utakayomtoa mtu na asiumwe, utaonekana umeinyima timu ushindi, na yule atakayebeba mkoba baada yako ataogopa. Hili nililirudia kwa kila aliyenipa nafasi, kanisani, dukani, kwenye maegesho ya magari. Nadhani lilikuwa gumu kueleweka kuliko lile la kumtoa mtu.

Mchujo tulicheza bila yeye, kwa sababu kurudi kwake kulikuwa kwa hatua, na daktari hakuwa ameridhika. Kijana wa miaka 18 alisimama mahali pake na akacheza vizuri kuliko tulivyokuwa na haki ya kutegemea. Tulifungwa. Tukashuka Intermediate A.

Nilijiandaa kuona klabu ikisambaratika, maana nyumbani nimeona timu ikishuka na kufikia msimu mpya nusu ya kikosi kimeondoka. Hapa hawakuwa na pa kwenda, na hata wangekuwa napo nadhani wangebaki. Bahati nasibu ya klabu ya kila wiki iliendelea. Mwenye bucha aliyeandikwa kifuani mwa jezi aliendelea kuandikwa. Mwezi wa kwanza taa za uwanja wa mazoezi ziliwashwa, na waliokuja ni wale wale, ukiondoa mmoja aliyestaafu na mwingine aliyekwenda Australia kikazi kama vijana wengi wa huku. Beki wa kati, kabla hajaruhusiwa kukimbia, alikuja kila jioni kuhesabu pasi na mapigo kwa karatasi. Kijana wa miaka 18 alikuwa anamuuliza maswali bila kuchoka. Nikiwatazama wale wawili nilielewa kwamba kutonunua wachezaji hakuna maana ya kutojenga timu. Ujenzi wenyewe unachukua njia hiyo, mtu mmoja akimwachia mwenzake anachojua.

Kwenye mkutano mkuu wa mwaka wa klabu, majira ya baridi, ajenda zilikuwa za kawaida: nyasi, deni la paa, ratiba ya watoto. Kisha meneja akasimama. Hatukuwa tumezungumza sana tangu mwezi wa tisa. Alipendekeza iandikwe katika taratibu za klabu kwamba kwa timu zote, kuanzia watoto mpaka wakubwa, neno la mtu wa huduma ya kwanza juu ya kichwa cha mchezaji ni la mwisho, na kocha hana ruhusa ya kujadiliana nalo wakati mechi inaendelea. Alisema anaomba hivyo kwa ajili ya makocha wenyewe, kwa kuwa katika dakika kama zile hata yeye hawezi kujiamini. Mikono iliinuka yote. Mzee wa vifaa aliongeza ombi lake: kila timu iwe na watu wawili waliofundishwa, ili jambo hili lisimtegemee mgeni mmoja. Kisha akajisahihisha mwenyewe, akasema, "lisimtegemee jirani yetu mmoja."

Mafunzo tulianza mwezi wa pili. Walijitokeza wazazi, kocha wa watoto, na binti wawili wanaocheza camogie, mchezo huu huu kwa upande wa wanawake. Mmoja wao anasomea uuguzi. Ana jicho kali na haogopi watu wazima, nikaanza kwenda naye kwenye mechi.

Kundi letu la Intermediate A lilikuwa na timu ngumu kuliko tulivyotarajia. Katika mechi ya kwanza, mwezi wa nane, mshambuliaji wetu wa pembeni aligongwa kichwani na kiwiko, akasema yuko sawa, watu wakasema yuko sawa. Yule binti alikwenda uwanjani peke yake, mimi nikabaki mstarini. Aliuliza maswali yake, akasubiri majibu, akamvua kijana helmeti, wakatoka pamoja. Tulikuwa sare. Meneja aligeukia benchi na hakuuliza kitu ila jina la anayeingia.